Anayesema Kijijini Hawasomi Alipeleka Kitabu Gani?

Kila ifikapo wiki ya tatu ya mwezi wa Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam hupanda mlima wa Kitonga yakiwa yamelemewa na mizigo. Abiria wanarudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya. Wako watakaoteremka Iringa mjini, wako wa Mafinga na Makambako, na wako watakaofika Uyole usiku na kuanza kutafuta gari la Tukuyu au la Kyela. Kila mmoja amebeba kitu kwa ajili ya wazee, ndugu na watoto: vitenge, viatu, biskuti, mafuta ya kupikia, simu, hata televisheni iliyoviringishwa katika blanketi ili kioo kisivunjike. Desturi hii ni njema, wala hakuna mwenye akili timamu awezaye kuipinga. Lakini mizigo hiyo ikifunguliwa yote, ni nadra kukuta kitabu ndani yake. Na anayeulizwa sababu hutoa jibu lile lile, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulichunguza jambo akamaliza: kijijini hawasomi.

Jibu hilo ni kashfa, nayo inatolewa na watu ambao wangepaswa kuwa wa mwisho kuitoa. Aghalabu mwenye kulitoa ni mtoto wa kijiji hicho hicho. Huenda babu yake au bibi yake alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, jioni, baada ya kazi ya shamba, akiwa amekaa juu ya gogo pamoja na majirani. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1975 wasiojua walikuwa wamepungua hadi 39 katika kila 100, na kufikia 1986 hawakutimia 10. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomeana kitabu kidogo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kwa sababu ya yale waliyoyasikia na kuyasoma. Hao ndio leo wanaosingiziwa kwamba kitabu si kitu chao.

Ni kweli kwamba ushindi huo haukudumu wote. Baada ya miaka ile hali ya uchumi ilibana, madarasa ya watu wazima yakafifia, na kiwango cha kujua kusoma kikashuka. Hata hivyo, sharti iulizwe ni nani aliyemwacha mwenzake. Mkulima aliyefundishwa herufi na kisha asiletewe kitu cha kusoma ni sawa na mtu aliyepewa jembe akanyimwa shamba. Jembe likipata kutu, kosa si lake.

Tena uko ushahidi ambao hauhitaji takwimu. Aingie mtu yeyote katika nyumba za Rungwe au Mufindi siku ya Jumapili asubuhi. Atakuta Biblia na kitabu cha nyimbo, vimeshikwa mpaka majalada yamelegea, vimeshonwa kwa uzi, na ndani yake vimewekwa vyeti vya ubatizo na picha za marehemu. Vitabu hivyo vimenunuliwa kwa fedha ya viazi, ya chai na ya ndizi. Kwa hiyo mwananchi wa Nyanda za Juu Kusini hununua kitabu, hukisoma, hukirudia na hukitunza, mradi kiwe katika lugha yake, kiwe na herufi anazoweza kuziona, na kiwe kinazungumza naye kuhusu jambo linalomhusu. Masharti ni hayo matatu tu. Mwenye kutoka mjini hayatimizi, kisha hulaumu kijiji.

Linabaki kundi la pili, dogo, la wale wanaobeba kitabu kweli. Hawa wastahili sifa kwa nia yao, na lawama kwa uchaguzi wao. Mmoja humpelekea mdogo wake aliyeishia darasa la saba kitabu kinene cha Kiingereza kinachofundisha siri za kuwa tajiri, kilichoandikwa na Mmarekani kwa ajili ya Wamarekani wenye hisa na akaunti za benki. Mwingine hupeleka maswali na majibu ya mitihani iliyopita, akidhani amempa mtoto zawadi, kumbe amempa kazi ya likizo. Wa tatu hupeleka kile alichokipenda yeye chuoni. Wote watatu wamefanya kosa moja: wamejichagulia wenyewe. Anayempelekea mama yake viatu huuliza kwanza namba ya mguu. Hapana anayenunua viatu vyembamba vya ngozi kwa sababu tu vinapendeza mguuni mwa muuzaji. Lakini kwa kitabu, namba haiulizwi. Hiyo ni kasumba, yaani imani kwamba kitabu ni nembo ya usomi wa mtoaji, na kwamba mpokeaji anapaswa kushukuru na kukiweka juu ya kabati.

Viongozi wa Kisomo chenye Manufaa walilijua jambo hili zaidi ya nusu karne iliyopita. Vitabu vyao vya kwanza, vilivyoanzia katika mikoa ya Ziwa, havikuwa vya namna moja kwa watu wote. Kilikuwako cha pamba kwa mkulima wa pamba, cha ndizi kwa mkulima wa ndizi, cha uvuvi kwa mvuvi na cha ufugaji kwa mfugaji. Msomaji alitazamwa kwanza, kitabu kikafuata. Kama jambo hilo liliwezekana kwa mamilioni ya watu, vipi limshinde mtu mmoja mwenye ndugu sita, ambao anawajua kwa majina na kwa tabia?

Na tuanze na mtoto mdogo, kwa maana kwake makosa ni mengi zaidi. Mtoto wa darasa la pili pale Igurusi au Ilula anahitaji kitabu chembamba, chenye picha kubwa na maneno machache, katika Kiswahili. Vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umetoa hadithi nyingi za aina hiyo zilizoandikwa na kuchorwa na Watanzania, na mwaka 1997 ulipata tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Kimoja hupatikana kwa bei ya soda chache. Afadhali kununua viwili au vitatu, kwa kuwa kimoja katika nyumba yenye watoto wanne ni chanzo cha ugomvi. Lakini mzazi wa kisasa, hasa mwenye mtoto katika shule ya mafunzo kwa Kiingereza, huona haya kununua hadithi ya sungura na fisi. Hununua kitabu cha vituko vya watoto wa Ulaya na Marekani. Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku shuleni vitabu 16 vya watoto, miongoni mwao mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume cha maadili. Zogo lilikuwa kubwa. Kilichosahauliwa katika zogo hilo ni kwamba kupiga marufuku ni kazi ya siku moja, na kwamba rafu iliyoondolewa vitabu haijijazi yenyewe. Waliopongeza marufuku ile kwa sauti kubwa waulizwe Krismasi iliyofuata waliwanunulia watoto wao kitabu gani cha Kiswahili.

Mwanafunzi wa sekondari ana shida ya namna nyingine. Huyu husoma, tena kwa lazima. Amepewa Takadini, amepewa Watoto wa Mama N'tilie, amepewa Joka la Mdimu, navyo ni vitabu vizuri. Lakini amefundishwa kuvichinja. Kila ukurasa anaufungua ili atafute dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi, aviorodheshe, avikariri, kisha avisahau siku ya kutoka katika chumba cha mtihani. Wapo wanaofaulu bila hata kukiona kitabu chenyewe, kwa kukariri muhtasari wa kurasa kumi unaouzwa katika maduka ya madaftari. Kijana wa namna hii ukimletea kitabu kingine cha mtihani wakati wa likizo, umemwongezea ugonjwa. Apewe kitabu ambacho hakuna mwalimu atakayemuuliza habari zake. Apewe Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, ili Bwana Msa na kiko chake wamfundishe kwamba hadithi husomwa kwa sababu mtu anataka kujua nini kilitokea. Kama ni msichana au mvulana anayeandika mashairi kwa siri nyuma ya daftari la hesabu, atafutiwe kazi zilizoshinda Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, apate kuona kwamba waandishi si marehemu wote.

Na mtoto wa Iringa je? Hapo ndipo aibu ilipo kubwa. Huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yalikiteketeza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, kilomita chache kutoka mjini. Mwanafunzi hupelekwa pale kwa ziara ya shule, hulitazama kwa dakika mbili, hula mkate, hurudi. Wakati huo huo M. M. Mulokozi, ambaye si Mhehe, aliiandikia nchi nzima tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, na baadaye hadithi ya vijana iitwayo Moto wa Mianzi. Katika nyumba ngapi za Kalenga, Tosamaganga na Kihesa vitabu hivyo vimewahi kuingia kama zawadi? Mjomba aliyeko Dar es Salaam huona fahari kumwambia mpwa wake kwamba wao ni wajukuu wa Mkwawa. Fahari hiyo haina gharama. Kitabu kina gharama ndogo, na hapo ndipo mjomba anaponyamaza.

Kijana aliyeacha shule, anayeendesha bodaboda Mwanjelwa au anayepasua mbao Mafinga, ndiye anayesingiziwa zaidi kuwa hasomi. Huyu huyu hushinda na simu akisoma hadithi za mapenzi na za kutisha, sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, na akikosa sehemu inayofuata hukasirika. Ana kiu ya hadithi kuliko mhitimu wa chuo. Wapo wasomi waliozoea kuvibeza vitabu vya upelelezi kuwa ni takataka za kupotezea wakati. Wamekosea. Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974, kilisomwa na makondakta, askari na makarani mpaka kikachakaa, na shujaa wake Willy Gamba alikuwa akihangaikia mambo ya wapigania uhuru wa Afrika wakati wasomi wengine wakihangaikia vyeo. Kijana wa bodaboda apewe Musiba, apewe Ben Mtobwa. Akivimaliza kwa siku mbili na kuomba kingine, atakuwa ameijibu kashfa kwa niaba ya wenzake wote.

Kwa mkulima, hasa yule mwenye miche ya parachichi Rungwe au Njombe, kitabu cha kilimo kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi ni zawadi kamili, na aongezewe Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kisa cha mtu aliyeiacha kazi ya mjini akarudi kwenye udongo. Mtoaji akisome kwanza yeye mwenyewe ndani ya basi. Huenda kikamhusu zaidi yake. Na kama katika ukoo yumo mtendaji wa kijiji au mwenyekiti asiyependa kushauriwa, Kusadikika kipo tangu mwaka 1951 na hakijapitwa na wakati. Apewe mbele ya watu, kwa heshima zote.

Wanawake hupewa vitabu vya mapishi, kama wanapewa kitu. Mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kununua mchele wa Kyela ili auuze Soweto hana haja ya kufundishwa kupika wali. Apewe Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke aliyezaliwa katika ufukara na kuuza vyungu kabla sauti yake haijavuka bahari. Na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, ambacho kiliwahi kukatazwa shuleni kwa kuhofiwa kwamba kitawaharibu wasichana, kwa hakika kingefaa kwenda kwa baba. Baba mwenye fimbo nyuma ya mlango, anayepekua daftari za binti yake akitafuta barua, anayedhani ukali ni malezi, akisome hicho mpaka mwisho. Waliokikataza walimkinga msomaji asiyehitaji kukingwa, wakamsahau aliyehitaji kuonywa.

Mhitimu wa chuo kikuu, awe ametoka Mkwawa au chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, husema kwamba Kiswahili hakina vitabu vya kumtosha yeye. Husema hivyo kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Ndugu mhitimu apewe hiyo, na Krismasi ijayo aulizwe ilimalizikaje.

Wapo watakaoleta udhuru wa bei, na udhuru wa maduka. Kuhusu bei, riwaya nyingi haziachani mbali na kilo moja ya nyama, na hapana aliyewahi kufika kwao Krismasi bila nyama akaeleza kwamba nyama ni ghali. Kuhusu maduka, udhuru una ukweli ndani yake. Maduka mengi ya Mbeya na Iringa huuza vitabu vya shule, madaftari na vitabu vya dini, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa. Mwenye duka si adui. Haweki rafuni kitu ambacho hakuna aliyekitaka tangu mwaka ulipoanza. Lakini anayesafiri anatoka wapi? Anatoka katika mji wenye wachapishaji na maduka ya vitabu, mji ambao njia zake za katikati hupangwa vitabu vya mitumba chini, juu ya maturubai, na yeye huvipita kila siku akienda kazini. Anao muda wa kwenda Kariakoo mara tatu kubadilisha suruali isiyomtosha.

Wa mwisho katika orodha ya watoa zawadi, na wa kwanza kwa haki, ni mzee. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa elimu ya watu wazima sasa amepita 75. Ndiye mwenye nafasi. Mvua ya Desemba ikianza saa nane mchana huko Tukuyu, haikatiki mpaka jioni, na mzee hukaa barazani na koti lake, akitazama maji yakitiririka. Humfaa kitabu cha mambo aliyoyaishi: kwa mfano Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, ambamo marehemu Rais Ali Hassan Mwinyi alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, kikazinduliwa mwaka 2021. Mzee huyo atabishana nacho ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa foleni za sukari na sabuni za miaka ile anazikumbuka kwa miguu yake. Atamwita jirani, naye atabisha.

Ila kitabu hicho kisipelekwe peke yake. Wazee wengi wanaosemwa kuwa wameacha kusoma hawakuacha. Herufi ndizo zilizowakimbia, na hakuna aliyewauliza. Miwani ya kusomea inauzwa Mbeya mjini na Iringa mjini kwa bei ambayo haifikii ya jozi moja ya viatu. Mtoaji ampeleke mzee mwenyewe dukani, ajaribu moja baada ya nyingine akiwa ameshika ukurasa mkononi, mpaka afike ile ambayo ataacha kuusogeza ukurasa mbali na uso na kuanza kusoma kwa sauti, bila kuambiwa.